Safari Yetu ya Bandari za Baltiki

(Maneno yaliyosemwa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Jumamosi ya mkutano wetu wa mwaka.)



Kamati iliponiandikia barua kunitaka nizungumze juu ya safari yangu ya ng'ambo, nilitaka kukataa. Nilikumbuka wageni waliokuwa wakiletwa katika bwalo hili enzi zetu. Walitueleza habari za theluji na majumba marefu huku sisi tukinusa maharage yakiungua jikoni. Sikumbuki hata mmoja aliyetuambia jambo lililomtia aibu huko alikokwenda. Basi nimekubali kwa sharti nililojiwekea mwenyewe, kwamba pamoja na habari za miji nitasema pia jambo moja ambalo nililificha kwa miaka mingi. Linahusu mwalo, daftari na kalamu. Litakuja kwa wakati wake.

Mimi, kama baadhi yenu mjuavyo, si nahodha wala mhandisi. Ni mtu wa mafaili. Kazi yangu wizarani ni kusaidia kuandika kanuni za usafiri wa majini, na kisha kuandika barua za kuwakumbusha watu kwamba kanuni hizo zipo. Kwa ajili ya kazi hiyo nilipelekwa kwenye mafunzo ya muda mfupi katika mji wa Malmö, kusini mwa Sweden. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Dunia cha Mambo ya Bahari, kilichoanzishwa mwaka 1983 na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa bahari. Darasani tulikuwa watu wa mataifa mengi, na kila mmoja alikuja na ajali za kwao kama vile mtu anavyokuja na picha za watoto.

Mafunzo yalikwisha katikati ya Juni. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa miaka miwili alikuwa akicheza upatu na walimu wenzake, nami nikidhani anaweka akiba ya mabati. Kumbe ilikuwa nauli ya ndege. Alinifuata Malmö akiwa na sanduku moja, kilo tatu za karanga za kukaanga, na ramani aliyoichora mwenyewe, ikionyesha miji ya bandari aliyotaka kuiona. Chini ya ramani ile alikuwa ameandika: "Kwa nchi kavu tu."

Sharti hilo hapana budi nilieleze. Mke wangu ni mtu wa Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, kaka yake alikuwa ndani. Alikuwa kijana fundi seremala, anakwenda Mwanza kutafuta kazi, na alikata tiketi ya daraja la tatu. Watu zaidi ya mia nane wanahesabiwa kuwa walikufa siku ile. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mwili wa kaka yake haukutambuliwa; labda ni miongoni mwa waliozikwa pale Igoma, labda umebaki majini. Kwa hiyo nyumbani kwao hakuna kaburi, na katika karatasi yoyote ya serikali hakuna mahali palipoandikwa kwamba kijana yule alipanda meli ile. Toka siku hiyo mke wangu hakukanyaga chombo chochote cha majini. Tunaishi Dodoma, na kwao huenda kwa basi la Singida na Kahama, safari ya kuvunja mgongo, wala halalamiki.

Basi tukaanza kwa nchi kavu. Kutoka Malmö kwenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kuna daraja linalopita juu ya bahari kwa karibu kilometa 8, kisha barabara na reli zinaingia kwenye kisiwa kilichojengwa na watu, na kutoka hapo zinazama chini ya bahari katika handaki la kilometa 4. Lilifunguliwa mwaka 2000. Treni huvuka kabla hujamaliza kumenya chungwa. Copenhagen tulikaa siku mbili. Sanamu ya nguva iliyopo pale tangu mwaka 1913, ambayo ulimwengu mzima huiendea, ina urefu wa mita moja na robo tu, na mke wangu aliizunguka akauliza, "Ndiyo huyu?" Kilichomfurahisha zaidi ni kuwaona watu wakiogelea katikati ya bandari. Maji yale zamani yalikuwa machafu kwa majitaka na taka za viwanda. Halmashauri ya mji ikajenga mabomba na matangi ya kuyazuia majitaka, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 watu wanaoga humo bila hofu. Alisema hayo ndiyo maendeleo anayoyaelewa, kuliko nguva.

Kuhusu Malmö yenyewe nitasema moja, kwa ajili ya vijana wanaosoma jiografia ya viwanda. Mji ule uliishi kwa kujenga meli. Kazi ile ilipohamia Asia, kiwanda kilibaki na winchi kubwa ya urefu wa mita 138, ambayo watu walikuwa wakiiona kutoka mbali kama sisi tunavyouona mnara wa kanisa. Mwaka 2002 iling'olewa ikapelekwa Korea ya Kusini, na bei yake ilikuwa dola moja. Mwenye nyumba tuliyopanga alituonyesha mahali iliposimama, akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama tunataka kahawa.

Stockholm tulifika kwa treni, saa nne na nusu kutoka Malmö, siku moja kabla ya sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Hatukujua maana yake. Kesho yake tulitoka asubuhi tukakuta mji mkuu umekuwa kama bweni siku ya kufunga shule: maduka yamefungwa, barabara tupu, watu wote wameenda mashambani na visiwani kucheza ngoma na kula samaki. Siku ile tulikula karanga. Na usiku haukuja. Saa nne usiku jua bado lipo, saa tisa na nusu alfajiri limerudi. Mke wangu alitundika blanketi dirishani, akasema Mungu hakumwumba binadamu alale mchana.

Siku iliyofuata ndiyo iliyobadili safari.

Kuna nyumba ya makumbusho pale iliyojengwa kwa ajili ya meli moja tu, Vasa. Mfalme Gustav II Adolf wa Sweden aliagiza ijengwe ili iwe tishio kwa maadui zake. Ilikuwa na mizinga 64 katika madaraja mawili, na sanamu za mbao mamia kwa mamia, simba na wafalme na malaika, zote zimepakwa rangi. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga huku watu wa mji wamejaa ufukweni. Ilikwenda kiasi cha mita 1,300. Upepo usio wa kutisha ukaipiga, ikalala upande wa kushoto, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi, ikazama pale pale bandarini mbele ya macho ya kila mtu. Walikufa watu wapatao 30, wakiwamo wanawake na watoto, maana mabaharia walikuwa wameruhusiwa kuchukua jamaa zao kwa kipande cha kwanza cha safari.

Ilikaa chini ya maji miaka 333, ikainuliwa tarehe 24 Aprili 1961, nayo karibu yote ni mbao zile zile za kwanza. Ndugu zangu wa pwani watauliza, imekuwaje mbao zisiliwe? Sababu ni kwamba Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo sana, na yule mdudu anayetoboa vyombo, ambaye mafundi wa majahazi hupaka deheni kumzuia, hawezi kuishi humo. Ukionja maji yale utadhani mtu ametia chumvi ziwani akaona haya kuongeza.

Lakini si mbao zilizotusimamisha. Ni maelezo ya jaribio. Kabla ya Vasa kusafiri, maofisa walikuwa na wasiwasi kwamba ni nyembamba kwa chini na nzito kwa juu. Wanaume 30 wakaamriwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili na kurudi. Walipokimbia mara tatu, meli ilikuwa inayumba vibaya hata Admirali Klas Fleming akaamuru waache. Waache kukimbia, ndugu zangu, si meli iache kusafiri. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo ya bahari na barua zake zilikuwa zikihimiza meli ikamilishwe. Nani angemwandikia kwamba meli yake haisimami? Baada ya kuzama, nahodha alikamatwa, baraza likaketi, kila mmoja akahojiwa. Aliyejenga alisema alifuata vipimo vilivyokubaliwa na Mfalme. Fundi mkuu wa kwanza, Mholanzi Henrik Hybertsson, alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1627, na marehemu hajibu barua. Hakuna aliyeadhibiwa.

Mimi nimekaa serikalini miaka zaidi ya ishirini. Nilisoma maelezo yale nikahisi joto usoni, kama mtu aliyetajwa jina lake mkutanoni.

Mke wangu yeye alikuwa akihesabu. "Mara tatu," alisema. "Wangeacha wakimbie ya nne ingezama gatini, watu wakaruka nchi kavu."

Tulipotoka nje tulipita kando ya makaburi ya zamani ya mabaharia, mwendo wa dakika chache tu kutoka mlangoni, tukakuta kuta tatu ndefu za mawe ya matale zilizopangwa kwa pembe tatu, na ndani yake mti mmoja. Kuta zimejaa majina yaliyochongwa. Ni kumbukumbu ya meli Estonia. Baadhi yenu mtaikumbuka habari hiyo redioni. Iliondoka Tallinn jioni ya tarehe 27 Septemba 1994 kuja Stockholm, ikiwa na watu 989. Usiku ule bahari ilichafuka, makomeo ya mlango mkubwa wa mbele yakakatika, maji yakamiminika kwenye sitaha ya magari, na haikupita saa moja imezama. Walikufa 852. Walipona 137. Wengi wa waliokufa bado wamo ndani ya meli huko chini, na nchi zinazohusika zilikubaliana mahali pale pahesabiwe kuwa makaburi.

Mke wangu aliingia kati ya kuta zile akaanza kusoma. Nilidhani atasoma mistari michache. Alisoma ukuta mzima, majina asiyoweza kuyatamka, akipitisha kidole chini ya kila moja kama anavyosahihisha madaftari. Palikuwa na mzee mmoja wa Kiswidi pale ambaye alimwuliza kwa Kiingereza kama ana ndugu yake ukutani. Akamjibu, "Hapana. Wa kwangu hakuandikwa." Mzee yule akadhani ni wale ambao jamaa zao hawakutaka majina yachongwe, maana wapo. Hakumweleza zaidi.

Tulipokuwa tunarudi alisimama kwenye ofisi ya meli za abiria, akaingia, nami nikafuata nikidhani anataka choo. Akanunua tiketi mbili za Stockholm kwenda Tallinn, usiku kucha baharini, njia ile ile. Nikamwambia, "Mama, si lazima." Akasema, "Nataka kuona wanaandikaje majina."

Na aliona. Yule binti wa dirishani alitaka jina letu kamili, jinsia, na tarehe ya kuzaliwa. Baada ya Estonia, Jumuiya ya Ulaya ilitunga sheria mwaka 1998 kwamba meli ya abiria isiondoke bandarini kabla ya watu wote kuhesabiwa na nahodha kupewa hesabu hiyo, na kwa safari inayopita maili 20 za baharini waandikwe pia majina, orodha ibaki nchi kavu kwa mtu anayejulikana. Mambo hayo nilikuwa nimefundishwa darasani Malmö na kupewa cheti. Mke wangu aliuliza swali ambalo darasani halikuulizwa: "Na mtoto mchanga wa mgongoni?" Binti akashangaa kidogo. "Anaandikwa. Naye si mtu?"

Sitaki mfikiri kwamba chombo chenyewe kilikuwa na huzuni yoyote. Kilikuwa kama baa inayoelea. Palikuwa na duka, ukumbi wa dansi, mwimbaji aliyevaa koti la kumetameta, na wanaume wazima wakisukuma vigari vya katoni za bia kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi, kwa sababu ya bei nafuu. Tangazo la usalama lilisomwa kwa lugha kadhaa na sikuona anayelisikiliza ila mwanamke mmoja wa Bukoba aliyekuwa amesimama mbele ya mchoro ukutani, akitafuta njia ya kutoka chumbani kwetu hadi kwenye mashua za kujiokolea. Aliitembea njia ile mara mbili, mimi nyuma yake. Meli ilipita polepole kati ya maelfu ya visiwa vidogo, vingine vina nyumba moja nyekundu na bendera, kisha visiwa vikaisha ikabaki bahari, haina wimbi.

Tulikaa juu ya vitanda vyetu vyembamba. Nuru ya nje haikufifia. Ndipo akaniuliza, bila hila yoyote, kama mtu anavyomwuliza mwenzake habari za kazi: "Wewe ulipokuwa kule ziwani, zamani, ulikuwa unaandika majina?"

Ndugu Mwenyekiti, sasa nasema lile jambo.

Mwaka 2007 nilikuwa afisa kijana katika ofisi moja ya wilaya kando ya Ziwa Victoria. Miongoni mwa kazi nilizopewa ilikuwa kusimama mwaloni siku za gulio na daftari, kuhesabu abiria wa boti za mbao ziendazo visiwani, na kutia sahihi. Boti moja iliruhusiwa abiria 35. Siku hiyo nilihesabu 61, pamoja na magunia na mbuzi. Nikasema haiondoki. Mwenye boti akampigia simu mkubwa wangu wa kazi, naye akanipigia mimi. Hakunitukana wala hakunitisha. Alisema tu kwa sauti ya uchovu, "Kijana, watu wanawahi msibani. Waache waende, andika vizuri." Nilimwelewa. Nikaandika 35, nikatia sahihi yangu mpya ya chuo kikuu, yenye mkia mrefu.

Boti ilifika salama. Na hiyo ndiyo shida yake. Ingezama ningefungwa, au ningetubu, au ningeacha kazi. Kwa kuwa ilifika, wiki iliyofuata niliandika 35 tena bila kupigiwa simu. Sikupokea hata senti moja, na kwa muda mrefu nilijitetea nafsini kwa hilo. Baada ya miezi nane nilihamishwa, nikapandishwa cheo. Hata kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha abiria 101, wakafa watu zaidi ya 220, nilikuwa miongoni mwa walioandaa karatasi za ofisini juu ya umuhimu wa orodha sahihi za abiria. Ziliandikwa vizuri sana.

Nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza. Kisha akasema, "Sitini na moja kutoa thelathini na tano. Ishirini na sita." Nikasema ndiyo. "Watoto walikuwemo?"

"Walikuwemo."

"Wangapi?"

Nikamwambia kweli, kwamba wale 61 walikuwa watu wazima. Watoto hatukuwa tukiwahesabu.

Aliinuka, akavaa koti langu, akatoka. Nilimkuta sitahani, ameshika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, anatazama maji. Sikumkaribia. Tulikuwa hivyo mpaka jua lilipopanda, yeye mbele na mimi nyuma kiasi cha hatua kumi, na kati yetu kijana mmoja mlevi amelala kwenye kiti.

Tallinn ni mji mzuri kuliko yote tuliyoiona, nami niliuona kama mtu anayetazama kwa dirisha la basi. Kuta zake za kale na minara bado zimesimama. Kwenye uwanja wa mbele ya ukumbi wa mji kuna duka la dawa ambalo limetajwa katika maandishi tangu mwaka 1422, na bado linauza dawa. Katika barabara moja ndefu ya mji wa kale tulikuta jambo lililotufanya tusimame: mlango mkubwa wa mbao wenye rangi, na katikati yake kimechongwa kichwa cha mtu mweusi. Ni nyumba ya chama cha wafanyabiashara vijana wa zamani, wasiooa, waliojiita Vichwa Vyeusi kwa sababu msimamizi wao mbinguni alikuwa Mtakatifu Maurice, askari wa kutoka Misri, ambaye Wajerumani wa kale walimchora kama Mwafrika. Kwa hiyo mamia ya miaka kabla hatujafika, mtu wa sura yetu alikuwa amekwisha wekwa mlangoni. Mke wangu alimtazama kwa muda. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia siku ile: "Huyu naye wamempaka rangi vizuri."

Karibu na lango la kale la bandari kuna kumbukumbu nyingine ya Estonia, upande huu sasa ambako meli ilitoka. Ni chuma kirefu kilichopinda kama upinde, kinatoka kilimani kwenda upande wa bahari, kisha kimekatika. Kipande cha pili kinaanza ng'ambo, na kati yake ni hewa. Hapo hatukusema kitu.

Kutoka Tallinn kwenda Helsinki, Finland, ni kilometa 80 na saa mbili za meli, na mke wangu alipanda kama mtu apandaye daladala. Sikuthubutu kumsifu. Sokoni pale ufukweni wanakaanga samaki wadogo wa urefu wa kidole, wa maji baridi, wanaitwa muikku. Huwatia unga wakawachovya kwenye mafuta wakala na kichwa chake. Tuliposikia harufu tulitazamana. Dagaa! Wakubwa kidogo, lakini ni dagaa, kwa bei ambayo Mwanza ungepata gunia. Tuliketi kwenye benchi, shakwe wakituzunguka kutaka kutunyang'anya, maana ndege wa pale ni wezi kuliko wanafunzi wa kidato cha pili.

Akala nusu sahani kwanza. Kisha akasema, "Wale ishirini na sita wapo?"

Nikasema nadhani wapo wengi wao.

"Basi nenda ukawaone. Na watoto ukawahesabu."

Mwezi Septemba nilipata safari ya kikazi mikoa ya ziwa, nikaomba siku moja ya ruhusa, nikaenda kwenye mwalo ule. Mkubwa wangu wa zamani amekwisha staafu. Boti zimekuwa kubwa zaidi, zina majaketi ya kujiokolea, na mwenye daftari sasa ni binti mdogo, mwangalifu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilikaa chini ya mwembe kama abiria. Boti iliruhusiwa 40, naye aliandika majina 40, yote kamili, akapiga mstari chini. Mimi nilihesabu vichwa 47. Nikamsogelea nikamwamkia, nikamwuliza kwa upole juu ya wale saba. Akacheka kwa heshima. "Shikamoo mzee. Wale ni watoto."

Nilimwambia mimi ni nani, na niliandika nini katika daftari la namna hiyo mwaka 2007. Aliacha kucheka. Tukaishusha boti nusu saa, tukaandika saba wale, mmoja alikuwa na siku tisa na hana jina bado. Binti akaandika "mtoto wa" na jina la mama. Wanne wakubwa walishuka kungoja boti ya pili, wakinung'unika, na mmoja wao alinitukia kwa lugha anayodhani siijui. Nikaandika taarifa ofisini na kupendekeza kanuni ibadilishwe waziwazi juu ya watoto. Faili liko njiani. Nalifuata kila Jumatatu, na wenzangu wameanza kunikimbia korido.

Namalizia kwa tangazo, Mkuu wa Shule ameniruhusu. Wanafunzi kumi na saba wa visiwani mnafunga shule na kuondoka kesho, Jumapili. Boti inaondoka saa mbili asubuhi. Nitakuwa mwaloni saa moja. Njooni na majina yenu matatu, na majina ya wazazi, na yeyote atakayepanda na mdogo wake wa shule ya msingi amlete mbele aandikwe. Nakala moja itabaki hapa ofisini kwa Mkuu. Mke wangu yuko pale nyuma karibu na mlango, aliyevaa kitenge cha kijani. Ndiye atakayeshika kalamu, kwa sababu mwandiko wangu, kama nilivyowaeleza, haukuaminika. Yeye amesema atapanda boti ile ile nanyi hadi kisiwa cha kwanza na kurudi jioni.

Nasikia maharage yanaungua.